Kinyaa Hakikuwamo Kwenye Chati

Siku hizi nakaa Kagugu, pembezoni mwa Kigali. Nina kuku wachache na muda mwingi wa kusema watu. Vijana wa mtaani wakisikia kwamba nilifundisha ujasiriamali hadi nikastaafu, huja kunitembelea wamevaa makoti, na kabla chai haijapoa wananiuliza, "Mama Dativa, mjasiriamali mbunifu anatakiwa kuwa na sifa gani?" Swali hilo nililijibu kwa mshahara miaka mingi, nikiwa nimesimama, nikiwa na fimbo ya kuonyeshea ukutani. Sasa nalijibu bure na nimekaa, kwa hiyo mtanivumilia nikilijibu ninavyotaka.

Ofisi yetu ilikuwa Kiyovu, katika nyumba ya zamani ya mtu mkubwa. Vyumba vya kulala viligeuzwa ofisi. Mimi nilipewa kilichokuwa bafu, chenye vigae vya bluu hadi darini, na kila nikipiga simu sauti yangu ilirudi kama kwaya. Jina la mradi silitaji, maana lilibadilika kila alipokuja mfadhili mpya na mwenyewe nilikuwa nalichanganya. Kazi yetu ilikuwa kuwatafuta vijana wenye sifa, ili wavumbue vitu, ili nchi iendelee. Sifa zenyewe zilikuwa saba, zimechorwa kwenye chati kubwa: kuthubutu, kujiamini, maono, kujitegemea, ushawishi, uvumilivu. Ya saba nimeisahau, na nadhani hata aliyeiandika alikuwa anajazia. Pembeni alichorwa mtu mwenye tai anapanda mlima. Kigali watu wanapanda milima kila siku wakiwa na mkungu wa ndizi kichwani, na hakuna aliyewahi kuwapa cheti.

Msije mkadhani chati haikufanya kazi. Ilifanya kazi mno. Mwaka mmoja tulifundisha darasa zima kuthubutu, na darasa zima likathubutu kufuga sungura. Kila mmoja alitueleza kwa macho makavu kwamba amevumbua biashara ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria. Sungura wakazaana, kama mjuavyo, na walaji hawakuzaana. Mwaka uliofuata wote wakavumbua uyoga. Baadaye zikaja programu za simu, na hapo nikapumua, kwa sababu programu ya simu ikifa hainuki.

Vifaa vya kufundishia navyo vilibadilika. Tulianza na ubao na chaki. Kisha vikaja vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani, ambavyo kila asubuhi mfagizi alivikuta sakafuni na kuvifagia pamoja na mawazo ya nchi nzima. Mwisho yakaja mamito makubwa ya kukalia chini, eti mtu akikaa ameinuka magoti akili inafunguka. Siku ya kwanza nilikaa, akili haikufunguka, na kuinuka nikashindwa. Alinivuta Wafula, mwenzangu kutoka Kenya aliyekuwa mkuu wa mashindano, akisema, "Pole madam, hizi vitu ni za vijana." Tangu hapo nilifundisha nimesimama.

Aliyenifundisha kazi hii kwa kweli hakuwa na chati. Alikuwa Mzee Anastazi, amekulia Bukavu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Yeye ndiye alikuwa akiwahoji waombaji kabla Wafula hajaja. Wiki yangu ya kwanza alinisikia nikimwuliza kijana ana ndoto gani maishani. Alinivuta kando. "Weye mama, mutu akikuambia iko na ndoto, umuambie alale ingine kidogo. Umuulize tu kintu gani inamukasirisha."

Nilidhani ni mzaha. Kisha nikakaa naye nikaona. Wengi wakiulizwa kinachowaudhi walisema umaskini, au mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu walijua sisi tunapenda kusikia hivyo. Hao Mzee Anastazi aliwashukuru na kuwasindikiza hadi getini. Lakini mara moja moja alitokea mtu aliyekasirishwa na kitu kidogo cha kijinga, bawaba ya mlango, mfuniko wa jerikeni, na akaanza kukieleza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Hapo mzee alivua kofia na kuiweka mezani. Akivua kofia, ujue kapata mtu. Alipostaafu nikabaki na swali lake, na chati ikabaki na ukuta.

Ndivyo nilivyompata Vestine. Na nawaambia mapema, sikumpenda.

Alikuwa fundi wa viti vya magari na pikipiki, anashona ngozi na turubai katika yadi ya gereji moja kule Gikondo. Alikuja ofisini kwangu asubuhi moja, akatoa kitambaa kwenye mkoba, akafuta kiti changu kabla ya kukikalia. Nikampa chai. Akanusa kikombe. Hakukinusa kwa siri kama watu wenye adabu. Alikiinua hadi puani, akakirudisha mezani, akasema amekwisha kunywa nyumbani. Nikajisemea, huyu akipatikana na hata sifa moja ya kwenye chati, mimi naacha kazi.

Nikamwuliza swali la Mzee Anastazi. Kitu gani kinakuudhi?

"Kasike," akasema.

Kama hujawahi kuishi Kigali, kasike ni kofia ngumu ya pikipiki. Huku hakuna kupanda pikipiki bila kasike, na dereva anabeba moja ya abiria, na hiyo moja inavaliwa na kila abiria tangu asubuhi hadi usiku. Sote tunaivaa. Tunaingiza kichwa mle ndani, tunakutana na mafuta ya nywele ya mwenzetu aliyetangulia na jasho la aliyemtangulia, tunabana pumzi, tunafika. Vestine hakuweza. Alikuwa anapanda mlima kwa miguu kutoka Gikondo, na mvua inanyesha, ili asivae kasike.

"Siku moja nilichelewa harusi, mama, nikavaa," akanieleza. "Nimetoka kusuka nywele hiyo siku. Ndani iko unyevu. Unyevu ya mtu. Nikashuka nikatapika mbele ya kanisa, watu ya harusi wananiangalia."

Kuanzia hapo hakulala vizuri, na hakumwacha mtu mwingine alale. Kwanza alijaribu karatasi ya plastiki ndani ya kasike, vichwa vikachemka. Akashona bitana ya kudumu, ikachafuka siku ile ile. Akashona ya kutoa na kurudisha, yenye lastiki, akawapa madereva waifue, na madereva hawakufua. Aligombana nao kila asubuhi pale kijiweni, hadi wakimwona anakuja wanawasha pikipiki. Kisha siku moja akawaona kwenye kituo cha kubadilisha betri. Mnazijua hizi pikipiki za betri: dereva anafika, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaondoka bila kusubiri. Vestine akasimama pale akiangalia. Kwa nini bitana isiwe hivyo? Dereva afike asubuhi, aache chafu zake zote, achukue rundo safi. Abiria achomoe safi kwa mkono wake mwenyewe, aivae, akishuka aitupe kwenye mfuko ulioning'inia nyuma ya kiti. Hapo hakuna wa kumwamini na hakuna wa kumsihi afue. Akatafuta wanawake watatu wa kufua, akaanza na madereva wa kijiwe kile.

Alipomaliza kueleza, mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Laiti ningekuwa na kofia ningeivua.

Sasa hebu tumpime kwa chati. Kuthubutu? Hakuthubutu kitu. Hakuacha kazi ya viti hata siku moja, bitana alizishona jioni kwa mabaki. Angekuwa jasiri, angevaa kasike kama sisi wengine na kunyamaza. Maono? Nilimwuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano, akasema, "Mahali safi." Ushawishi? Watu walimkimbia. Alichokuwa nacho ni kinyaa, na ubishi wa kutokubali kwamba kinyaa chake ni tatizo lake peke yake. Tembea Kigali nzima, kila kitu kipya kilichodumu utakuta nyuma yake kuna mtu wa namna hiyo, ambaye mama mkwe wake hamwezi.

Shida yake ilikuwa moja na ilikuwa kubwa. Mwenye gereji alikuwa ameambiwa ahame ile yadi, na Vestine alikuwa anashonea pale kwa hisani, kwa cherehani nzito ya mwenye gereji. Yadi ikiondoka, cherehani inaondoka. Kaka yake kule Huye alikuwa amekwisha kumtengea kipande cha shamba la maharage na chumba cha nyuma. Na sisi mwaka ule zawadi yetu ya mashindano ilikuwa chumba katika jengo la karakana kule Gikondo, na ndani yake cherehani ya kiwanda, mpya, ya kushona hata ngozi ya ng'ombe. Sijui aliyeichagua zawadi hiyo aliota nini, lakini ni kama alimwota yeye. Nikamwandikisha.

Nikaanza kumnoa. Hapo ndipo nilipokutana na ukuta.

Kwetu mtu akikuuliza kazi inaendaje, hata kama umemaliza ghorofa na unapaka rangi, unajibu *turagerageza*. Tunajaribu. Tunajaribu, sisi, wingi, hata kama uko peke yako shambani. Ukisema "mimi nimefanya," watu wanakuangalia kama uliyekuja kanisani na pijama. Wafula na karatasi yake ya alama walitaka neno moja tu, *mimi*, na kila linapotajwa anaweka alama.

"Nani alibuni hii?" nilimwuliza Vestine katika bafu langu la bluu.

"Turagerageza."

"Hapana. Sema: mimi."

"Mama, si nitaonekana mtu ya majivuno?"

"Utaonekana mtu mwenye chumba."

Akajaribu. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Tulikaa wiki nzima. Mwanamke aliyeweza kumwambia dereva wa pikipiki mbele ya wenzake kwamba kichwa chake kinanuka, hakuweza kusema mimi.

Siku ya mashindano tulikuwa katika ukumbi wa hoteli moja ya pale pale Kiyovu. Kazi yangu ilikuwa kushika kengele. Muda ukiisha, napiga. Alianza Bryan. Bryan mnamjua hata kama hamjakutana. Amekulia Kampala, ana meno mazuri, na kadi yake inasema Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ambayo hakuna mwingine ndani. Programu yake ya simu iliwaunganisha wenye mbuzi na wapenda brosheti, yaani mishikaki. Mbuzi walipigwa picha nzuri sana. Sikuwahi kusikia aliyeuzwa. Alisema mimi mara nyingi hadi Wafula akabadilisha kalamu, na kuhusu kile chumba alisema atakifanya kitovu cha ubunifu cha ukanda mzima.

"Na cherehani?" akauliza Wafula.

"Cherehani ni alama," akasema Bryan. "Ya kuunganisha."

Akapigiwa makofi. Nilikunywa maji yangu yote.

Vestine aliingia na watu sita. Kwetu mtu haendi peke yake kwenye jambo zito. Anasindikizwa, kama anayekwenda kuposa. Wale wanawake watatu wafuaji walivaa mishanana ya kwenda harusini. Madereva watatu walivaa makoti yao ya kazi, wamepiga pasi. Mbele yao alikuwa Inosenti, kiongozi wa madereva wa kijiwe kile, amebeba kasike kwenye kitambaa cheupe kama sadaka. Nilimwona Wafula anaandika kitu, na nilijua ni chini ya kujitegemea.

Akaeleza vizuri. Akaonyesha bitana, lastiki, mfuko. Watu walicheka pale pa kutapika. Kisha Wafula akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa Vestine, hii kitu ni nani aliivumbua?"

Akaniangalia. Nikamwitikia kwa kichwa kumtia moyo. Midomo ikafunguka.

"Turagerageza," akasema. "Ni hawa watu. Wamenisaidia sana, na Mungu."

Wafula akaweka kalamu chini. Nilikuwa na kengele mkononi na muda ulikuwa umekwisha. Ndipo Inosenti akasogea mbele, kasike ikiwa bado kwenye kitambaa.

"Munisamehe," akasema. "Huyu anasema uongo. Sisi hatukusaidia kitu. Tulikuwa tunamucheka. Tulimuita Mama Kinyaa. Mimi mwenyewe nilitupa zile bitana zake kwenye mufereji, mara mbili, na akashona zingine. Sasa abiria wananitafuta mimi kwa sababu kasike yangu iko safi, na anasimama hapa anasema nilimusaidia." Akamgeukia. "Kwa nini unatupaka mafuta? Sema ni wewe."

Wale wafuaji waliangalia sakafu. Mimi nawaambia ukweli, kengele sikuipiga. Wafula alinyoosha mkono mbele yangu akaipiga yeye.

"Asante," akasema. "Lakini mwenye kupewa alama ni mshiriki. Msindikizaji hapewi."

Chumba kikaenda kwa Bryan.

Nilimfuata Wafula hadi kwenye meza ya maandazi. "Madam, hata mimi nimeskia," akasema. "Lakini nitaandika wapi? Kwa fomu hakuna pahali pa kuandika ukweli wa dereva." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na chati.

Vestine alifunga vitu vyake. Nilimkuta kwenye ile yadi, gereji imekwisha kung'olewa mabati, anapanga mabaki ya ngozi kwenye gunia kwa safari ya Huye. Nilikuwa na hasira na nikamwambia maneno makali, kwamba kasema uongo kwa adabu na ukweli umemwacha. Alikuwa anatafuta mahali pasafi pa kuliweka gunia.

Aliyemwokoa alikuwa Bryan, na ndiyo sababu siwezi kumchukia sawasawa. Kitovu cha ubunifu kilihitaji mtu wa kufungua dirisha, na Bryan alikuwa na mashindano mengine Nairobi na mengine Dakar. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na juu yake kuna maua ya kwenye chungu. Basi akampangisha Vestine kile chumba. Chumba alichompokonya, akampangisha yeye. Katika miaka yote niliyomfahamu huo ndio uvumbuzi pekee wa Bryan niliouona kwa macho, na nakiri ulifanya kazi.

Vestine akasugua sakafu hadi rangi ikatoka. Akashona. Bitana zikafika Remera, zikafika Nyabugogo, na kila asubuhi madereva walipanga foleni mlangoni na mifuko ya chafu, na ole wake atakayeingia na viatu vya tope. Nje, juu ya mlango, kulikuwa na bango la Bryan, kubwa, mikono imefumbatwa kifuani.

Wiki yangu ya mwisho kazini walikuja wageni wa wafadhili, na nikatumwa niwapeleke Gikondo waone matunda. Bryan alikuwa amerudi kwa ajili hiyo. Alitupokea mlangoni kwa meno yote. Akaingia nao, akachukua bitana moja kwenye rundo safi bila kunawa mikono, akaanza kueleza jinsi wazo lilivyomjia akiwa kwenye ndege. Wageni wakaandika. Mmoja wao, mama mwenye miwani aliyejua Kiswahili cha Dar es Salaam, akamwona Vestine ameinama kwenye cherehani pale kwenye kona.

"Na huyu dada?"

"Huyo ni timu yangu," akasema Bryan. "Mimi napenda kuwezesha watu."

Mama yule akasogea. "Hongera kwa kazi, dada. Unaendeleaje?"

"Turagerageza," akasema Vestine, uzi mdomoni.

"Na hii bitana, alibuni nani?"

Bryan alikwisha kufungua mdomo. Vestine hakuinuka, na mguu hakuutoa kwenye pedali. Alitema ule uzi.

"Mimi."

Cherehani ikaendelea. Bryan alibaki na bitana mkononi, hajui aiweke wapi. Yule mama alivuta kigoda akakaa karibu na Vestine, akaanza kuuliza upya tangu mwanzo, na wenzake wakafungua kurasa mpya. Hati ya kile chumba ilibadilishwa jina kabla sijamaliza kupanga vitu vyangu kwenye boksi. Na chati ya Kiyovu nasikia sasa ina sifa ya nane, Hisia ya Juu ya Usafi, na vijana wanaokwenda kuhojiwa wanajifunza kukunja pua mbele ya kioo. Mmoja alinusa kikombe changu mwezi uliopita. Nilimfukuza.

Jioni ile ya wageni nilibaki nyuma nimwulize Vestine. Wiki nzima bafuni kwangu, ukumbi mzima, Inosenti na kasike yake, na neno halikutoka. Limetokaje leo?

Alikuwa anafuta kigoda alichokalia yule mama.

"Mama," akasema, "pale iko kitu ilikuwa inanuka."